Jumba la Michezo la Chicago

Mtu aliyerithi nyumba ya babu yake hujikuta siku moja amesimama mlangoni, nyundo mkononi, asijue aanzie wapi. Kabati la zamani linanuka uvundo. Lakini seremala aliyelichonga amekwisha kufa, na wa kumfikia hapatikani. Ukuta wa katikati unazuia hewa. Lakini ndio ulioandikwa tarehe za kuzaliwa kwa shangazi wote. Mke anataka madirisha makubwa, mama mzee anataka kisiguswe kitu. Wengi wetu tumeyaona mashauri hayo katika jamaa zetu, na mara nyingi yameishia katika ugomvi.

Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu mashauri ya namna hiyo yaliyofanyika mbali sana, katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, juu ya jumba kubwa la chama cha michezo. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1893, likafungwa mwaka 2007, na mwaka 2015 likafunguliwa tena, ndani limetengenezwa upya toka chini hadi paani. Tumelichagua kwa kuwa mafundi wake walifanya kazi inayofaa kutazamwa na kila mwenye nyumba ya zamani. Tena kuta zake zinatugusa sisi watu wa Kongo, kwa njia ambayo wageni wengi wanaolala humo hawaidhanii. Hayo tutayafikia.

Nyumba ya wachache

Mwaka 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago. Mji ukajengwa upya kwa haraka ya ajabu, na baada ya miaka ishirini matajiri wake walikuwa na fedha kuliko walivyoweza kutumia. Mwaka 1890 baadhi yao wakaanzisha chama, wakakiita Chicago Athletic Association, yaani Chama cha Wanariadha cha Chicago. Miongoni mwa wanachama wa siku zile walikuwamo Marshall Field, mwenye duka kubwa lililojulikana Marekani nzima, na A. G. Spalding, ambaye kwanza alikuwa mchezaji wa besiboli, halafu akatajirika kwa kuuza mipira na vifaa vya michezo.

Kazi ya kulichora jumba walimpa Henry Ives Cobb. Mwaka ule wa 1893 Chicago ilikuwa na Maonyesho ya Ulimwengu, yakatembelewa na watu zaidi ya milioni 27. Majumba ya Maonyesho yalikuwa meupe hata watu wakayaita Mji Mweupe. Cobb mwenyewe alijenga mojawapo, lile la samaki. Lakini majumba yale yalikuwa ya jasi iliyochanganywa na nyuzi za mimea, ikapakwa juu ya mifupa ya mbao na chuma. Mtu aliyeyatazama kwa mbali alidhani ni marumaru. Mvua za miaka michache zingetosha kuyabomoa, na karibu yote yametoweka. Jumba la chama halikujengwa hivyo. Lilisimamishwa mbele ya barabara ya Michigan, karibu na ziwa, na uso wake ukafuata majumba ya Venezia katika Italia, hasa ikulu ya watawala wa mji ule: madirisha yenye matao yaliyochongoka, nguzo nyembamba, nakshi kama za kitambaa cha altare.

Ndani mlikuwa na birika la kuogelea, chumba cha mazoezi ya viungo, meza za biliadi, vyumba vya kulala, na ukumbi wa kulia wenye dari ya jasi iliyofinyangwa maua. Palikuwa na meko makubwa ya kuotea moto, maana baridi ya Chicago haina mzaha. Kuta zilifunikwa mbao zilizochongwa, sakafu zilikuwa za marumaru na za vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja, na madirisha mengine yalikuwa ya vioo vya rangi kama tuvionavyo makanisani. Mwaka 1907 chama kikaongeza jengo jingine upande wa nyuma, kwenye barabara ya Madison. Alama yao ilikuwa mviringo mwekundu wa rangi ya tunda la cheri, wenye herufi C ndani yake.

Tuseme wazi: nyumba ile ilijengwa iingize wachache na kuwaacha wengi barabarani. Ilikuwa nyumba ya wanaume. Mtu hakuingia kwa kulipa mlangoni. Ilimpasa kuwa mwanachama au mgeni wa mwanachama. Nasi katika Kongo hatukosi kulielewa jambo hilo. Wazee wetu wanakumbuka zile «cercle» za mjini, zenye uwanja wa tenisi na birika la kuogelea nyuma ya ua wa michongoma, ambamo Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia. Kuta zenye nakshi nzuri huweza kuwa kuta za kufungia watu nje vilevile.

Hapo hapo katika barabara ya Michigan, hatua chache upande wa kusini, kulikuwa na chama kingine cha namna ile ile, Illinois Athletic Club. Wanafunzi watafurahi kusikia kwamba katika chama hicho ndimo alimofundishwa kijana Johnny Weissmuller, aliyeshinda kuogelea katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924 na ya Amsterdam mwaka 1928. Ndiye yule aliyeigiza Tarzan katika sinema kuanzia mwaka 1932, akiruka kwa kamba za miti katika «Afrika» iliyotengenezwa Hollywood. Baba zetu wengi waliona sinema zile wakacheka mahali ambapo hapakutakiwa kuchekwa. Jumba la chama hicho leo ni sehemu ya shule ya sanaa.

Kufungwa

Vyama vikubwa vya namna hii vilidhoofika kidogo kidogo katika miji mingi ya Marekani. Watu wenye fedha walihamia vitongojini, mbali na katikati ya mji. Vijana waliotaka kufanya mazoezi walipata mahali pa rahisi zaidi, wasikolazimika kuvaa tai kabla ya chakula cha jioni. Nyumba kubwa ya zamani nayo hula fedha kila siku: mabomba yanavuja, paa linataka kuzibwa, moto wa kupasha nyumba unataka mafuta. Mwaka 2007 Chama cha Wanariadha cha Chicago kikafunga milango yake.

Uso wa jumba ulikuwa salama. Tangu mwaka 2002 mji wa Chicago ulikuwa umeitangaza safu nzima ya majumba ya barabara ile kuwa urithi, na mwenye nyumba hakuweza kuugusa uso huo apendavyo. Hatari ilikuwa ndani. Jengo linaweza kulindwa kwa nje na tumbo lake likatolewa lote, kama kuku anayeandaliwa kupikwa: mbao zikauzwa, dari zikabomolewa, sakafu zikavunjwa, pakajengwa vyumba vyeupe visivyo na sura ya mahali popote. Imetokea katika miji mingi.

Mwaka 2012 jumba likanunuliwa na watu waliokusudia kulifanya hoteli. Wasanifu wa Chicago, Hartshorne Plunkard, walishika kazi ya ujenzi. Mapambo ya ndani walipewa wawili kutoka New York, Robin Standefer na Stephen Alesch, wenye kampuni iitwayo Roman and Williams. Hao wawili kwanza walikuwa watengenezaji wa mandhari za sinema. Tunakiri kwamba tuliposoma hayo tulitia shaka. Mtu aliyezoea kutengeneza nyumba za maigizo, ambazo nyuma ya mlango hamna chumba, angeweza kuligeuza jumba lile kuwa igizo. Mwisho wa yote tumeona kwamba mazoea yale yalimfaa fundi: mtu wa sinema hujifunza kutazama kila kitu kidogo, kitasa, taa, mshono wa kiti, na kujiuliza ni cha miaka gani na nani alikishika.

Kazi ya mafundi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu wako mafundi miongoni mwa wasomaji wetu.

Serikali ya Marekani ina desturi ya kumpunguzia kodi mtu anayetengeneza jengo la historia kwa ajili ya biashara. Punguzo hufikia asilimia 20 ya gharama ya matengenezo yanayokubaliwa. Lakini sharti afuate kanuni. Kilichoharibika kitengenezwe kabla ya kufikiriwa kuondolewa. Kinachoongezwa kipatane na cha zamani, lakini kisijifanye cha zamani, ili mtazamaji asidanganyike. Na kilichoongezwa na wazee wa katikati, kama nacho kimepata heshima kwa miaka, kisitupwe kwa kisingizio cha kurudi mwanzo. Tungependa kanuni hizo zibandikwe katika kila halmashauri inayotaka kupiga rangi jengo la zamani.

Katika kazi yenyewe mambo ni ya mikono. Fundi wa jasi akikuta ua moja la dari limevunjika, hutafuta ua jingine la namna ile ile lililo zima, akalitwalia kalibu, akamimina jasi mpya, akapata pacha wake. Dirisha la vioo vya rangi hushikwa kwa vijiti vya risasi, na risasi huchoka. Baada ya miaka mingi dirisha huanza kutoa tumbo. Hapo hufunguliwa kipande kwa kipande, kila kioo kikipewa namba, kisha kufungwa tena kwa risasi mpya. Kosa kubwa hufanyika katika mbao. Fundi mwenye haraka huona weusi juu yake, akachukua randa au msasa, na katika asubuhi moja akaondoa rangi ambayo mti umeipata kwa miaka mia. Mwenye subira huosha moshi na nta ya zamani kwa kitambaa, kidogo kidogo, akiacha mti uliozeeka ubaki na uzee wake.

Tena kuna yasiyoonekana. Hoteli ya siku hizi inadai waya za umeme, maji ya moto katika kila chumba, hewa ya kupozwa, lifti salama, milango inayozuia moto. Hayo yote lazima yapite mahali fulani, na ukuta wenye nakshi haukujengwa kupitishwa bomba. Mtu akitembelea jumba lililotengenezwa vema haoni kitu, akadhani hapakufanyika kazi kubwa.

Walipofungua mwezi wa Mei 2015, ukumbi wa kukaa wenye meko na mbao zilizochongwa ulikuwa umebaki ukumbi wa kukaa. Ukumbi wa kulia wenye dari ya maua umekuwa mahali pa karamu na arusi, ukapewa jina la Mji Mweupe kwa ukumbusho wa Maonyesho ya 1893. Uwanja wa mpira wa kikapu wa ndani upo. Chumba kimoja wamekifanya cha michezo: meza za biliadi, sataranji, na uwanja mrefu wa kutupa tufe kwa desturi ya Waitalia. Kuna na kijichumba cha kunywea chenye viti vinane tu, kinachoitwa Chumba cha Maziwa. Kati ya mwaka 1920 na 1933 sheria ya Marekani ilikataza pombe, na inasemekana wanachama fulani walipenda maziwa yao yawe na nguvu kidogo. Tunaliacha neno hilo kama tulivyolisikia.

Vyumba vya kulala ni 241. Humo ndimo wapambaji walipocheza, na sisi tumewapenda kwa hilo. Miguuni pa kitanda waliweka benchi lililoigwa kwa ule mgongo wa ngozi wenye miguu, unaorukiwa na wanajimnastiki, ambao wenyewe huuita farasi. Vazi la kutokea bafuni limeshonwa mfano wa joho la bondia anayeingia ulingoni. Mgeni anayejifunga joho hilo, hata akiwa na kitambi, hujinyosha kidogo mbele ya kioo.

Birika la kuogelea halikupona. Mahali pake leo ni ukumbi wa mikutano; watu huketi pakavu mahali ambapo zamani palikuwa na maji. Tunaelewa hesabu za biashara: birika la zamani ni ghali kulitunza, na mkutano hulipa. Lakini jumba la wanariadha lisilo na maji ya kuogelea limepungukiwa, na hapo tunadhani walikosea. Juu paani, kinyume chake, walifanya vema kuthubutu. Walijenga mkahawa wenye paa la vioo, kitu kipya kisichojificha, na kutoka huko mtu huona bustani ya Millennium, iliyofunguliwa mwaka 2004 juu ya iliyokuwa mahali pa reli, na nyuma yake ziwa Michigan hadi upeo wa macho.

Watu ambao hawamo ukutani

Vikombe na picha za wanariadha wa zamani ni sehemu ya mapambo ya jumba lile. Nasi ndipo tunapotaka kusimama.

Mwaka 1904 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Marekani, katika mji wa St. Louis, pamoja na maonyesho mengine makubwa. Siku hizo vyama vya miji vilishindana kama mataifa yanavyoshindana sasa. Chama cha Chicago na cha New York vilipigania alama mpaka vikafikia kuteta, na New York ikapewa ushindi. Mkimbiaji wa Chicago, James Lightbody, alishinda mashindano matatu kwa siku sita tu: mbio za vizuizi na maji, mita 800 na mita 1500. Ni sifa ya kweli. Hatuna neno la kuipunguza.

Lakini katika maonyesho yale yale, tarehe 12 na 13 Agosti, majuma machache kabla ya mbio zake, wakubwa wa michezo walipanga siku mbili walizoziita Siku za Anthropolojia. Waliwakusanya watu wa makabila mbalimbali walioletwa kuonyeshwa kwa watazamaji, wakawatia katika kukimbia, kuruka na kutupa uzito, michezo ambayo wengi hawakupata kufundishwa. Kisha matokeo yao yakatangazwa kuwa ushahidi kwamba wao ni duni. Miongoni mwao walikuwamo watu wafupi wa misitu yetu ya Kongo, walioletwa na Mmarekani Samuel Verner wakati nchi hii ilipokuwa bado chini ya mfalme Leopold. Kati ya wale aliowaleta alikuwamo Ota Benga. Mwaka 1906 yeye aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya New York, watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipiga kelele hata akatolewa. Hakurudi kwao. Mwaka 1916, katika mji wa Lynchburg, alijiua. Wakuu wa bustani ile waliomba msamaha mwaka 2020.

Mwaka ule ule wa 1904, kule St. Louis, Mmarekani mweusi George Poage alipata nishani mbili za shaba katika mbio za vizuizi, mita 200 na mita 400. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki. Chama kilichompeleka kilikuwa cha Milwaukee, mji jirani wa Chicago. Baadaye Poage alihamia Chicago, akafanya kazi katika posta karibu miaka thelathini, akafa mwaka 1962.

Hatuwalaumu mafundi wa mwaka 2015 kwa dhambi za mwaka 1904. Jumba la Chicago halikuyapanga yale ya St. Louis. Ila anayeamua picha gani itundikwe juu ya meko anafanya kazi ile ile anayofanya mwenye kuamua ukuta upi ubomolewe. Nakshi zimesafishwa hata maua ya dari yanahesabika. Hadithi nayo ilistahili kusafishwa hivyo hivyo: picha ya Lightbody akivuka utepe, na karibu yake picha ya Poage, na mahali fulani, hata kama ni padogo, wale watu wa msitu waliotupwa uwanjani bila kuelezwa mchezo. Mgeni asingekosa usingizi kwa ajili hiyo. Angelijua jumba zaidi.

Mlango wenyewe, tukubali, umefunguka. Hakuna tena wa kuuliza kama u mwanachama, kama u mwanamume, kama u mweupe. Anayeuliza sasa ni bei ya chumba, naye ni bawabu mkali kwa namna yake. Hata hivyo ukumbi wa meko hukaliwa na watu wasiolala humo: wanafunzi na vitabu vyao, wasafiri wanaokimbia theluji, wazee wanaosoma gazeti. Kijana wetu akipata siku moja nauli ya Chicago, apande ngazi bila hofu, akae katika kiti cha ngozi chini ya zile mbao zilizochongwa, atazame dari kadiri apendavyo. Kwa kutazama hatatozwa kitu. Akitaka kahawa, aulize bei kwanza.